Nitajuaje kama shangazi yangu anatunzwa vyema katika nyumba ya wazee?

Bint wa Wete ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wa wale waliowahi kumweka mzee wao katika nyumba ya kulelea wazee, au waliowahi kufanya kazi humo, kwa sababu kila nikitoka kumtazama shangazi yangu hurudi na moyo usiotulia, na sijui kama kasoro iko kwao au iko kwangu.

Shangazi ana umri wa miaka 78 na hakujaaliwa mtoto. Ndiye aliyenilea tangu naanza skuli hadi naolewa. Mwaka jana alipata kiharusi kilichomwacha na mkono na mguu wa kushoto visivyo na nguvu, na maneno yake yakawa mazito, ingawa akili yake ni timamu. Mimi ni mwalimu, nakaa Chake Chake, kaka yangu yuko Muscat, na mdogo wetu aliyekuwa akiishi naye Unguja ana watoto wachanga wawili na hawezi peke yake kumwinua mtu mzima kutoka kitandani hadi chooni. Baada ya vikao vya ukoo ambavyo baadhi yake viliishia kwa machozi, miezi mitatu iliyopita tulikubaliana kumpeleka katika nyumba ya mtu binafsi huko Unguja. Sitaitaja jina, kwa sababu bado sina hakika kama wanastahili lawama.

Nimeshakwenda mara tatu kwa boti kutoka Mkoani, na mara zote ilikuwa siku ya Ijumaa. Kila nikifika nakuta sakafu imepigwa deki, udi umefukizwa, mimi mwenyewe naletewa chai na visheti, na msimamizi anazungumza nami kwa adabu kubwa. Mara ya tatu, hata hivyo, niliingia chumbani kabla ya kutangulizwa. Kikombe cha chai cha shangazi kilikuwa juu ya kijimeza cha kushotoni kwake, kimejaa hadi ukingoni, chai imepoa na maziwa yamefanya utando, na kipande cha mkate wa kumimina kilichokuwa pembeni hakijaguswa. Nilipokihamishia upande wa kulia alikinywa chote kwa mkupuo mmoja. Khanga aliyofungwa kifuani ilikuwa imepinduliwa, maandishi yake yanasomeka juu chini, naye ni mtu ambaye hakuwahi kutoka hata kwenda dukani bila ya khanga doti iliyolingana.

Nilipomuuliza anaendeleaje alinijibu, "Wananitazama, mwanangu," kisha akaangalia mlangoni. Je, nitazame nini na niulize nini, na nifanyeje nisionekane kuwa ni yule jamaa anayetoka mbali kuja kutafuta makosa?

---

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nimefanya uuguzi kwa miaka 31, na kwa maoni yangu kikombe hicho kimekueleza mengi kuliko sakafu, udi na visheti vyote kwa pamoja.

Kiharusi kinachodhoofisha upande wa kushoto wa mwili hutokea katika upande wa kulia wa ubongo, na baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo hupoteza si nguvu tu bali pia hisia ya kwamba upande wa kushoto upo. Macho yao ni mazima, lakini ubongo hauchukui habari za upande ule, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kula nusu ya sahani na kusema amemaliza. Kumwekea chai kushotoni mgonjwa kama huyo ni sawa na kutomwekea kabisa. Mlezi anayemjua mgonjwa wake hawezi kulikosea jambo hili zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa msimamizi liwe hili: nani miongoni mwa wafanyakazi ameelezwa kuwa upande mbovu ni wa kushoto, na limeandikwa wapi? Nami ningependa kujua kama kuna mtu aliyempima uwezo wa kumeza. Mkupuo huo ulioufurahia wewe ulinitia mimi wasiwasi, kwa sababu baada ya kiharusi kitu cha majimaji huweza kuteleza kikaingia mapafuni, na mgonjwa anatakiwa kukaa wima wakati wa kula na kubaki wima kwa kiasi cha nusu saa baadaye. Akikohoa kila anywapo, au sauti yake ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, usilinyamazie.

Baada ya hapo, usiende tena Ijumaa. Ijumaa wanakungojea. Nenda siku ya kazi, wakati wa chai ya asubuhi au karibu na magharibi, zamu zinapobadilishana, kwani hapo ndipo utakapoiona nyumba ilivyo. Omba umwogeshe mwenyewe shangazi yako. Hakuna atakayekukatalia mtoto wa kike kumwogesha mlezi wake, na akikatazwa mtu jambo hilo basi sababu iulizwe. Wakati wa kumwogesha, tazama ngozi mahali ambapo mfupa uko karibu: kifanduguni, nyongani, kwenye vifundo vya miguu, kisogoni, na zaidi ya pote visiginoni, hasa kisigino cha mguu usio na nguvu. Vitabu vingi husema utafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona weusi uliozidi au rangi ya zambarau, na ukigusa utasikia joto, ugumu au ulaini usiolingana na ngozi ya jirani. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kidonda cha kulalia, na maana yake ni kwamba mgonjwa amelazwa upande mmoja kwa saa nyingi. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa, kwa desturi ya wodini, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

Tazama pia kinywa chake. Ulimi uliokauka na chakula kilichosalia ndani ya shavu la kushoto ni ishara kwamba analishwa kwa haraka na hasukutuliwi. Kisha omba apimwe uzito. Kama nyumba haina mzani, nunueni wenu mmoja mkauache hapo. Mzee anayepoteza asilimia 5 ya uzito wake kwa mwezi, au asilimia 10 kwa miezi sita, ana tatizo linalohitaji daktari. Kwa mtu wa kilo 50, asilimia 5 ni kilo mbili na nusu tu, na khanga huzificha kirahisi.

La mwisho ni dawa. Usiulize kama anapewa dawa, kwa sababu utajibiwa kuwa anapewa. Omba daftari, uangalie kama kila kidonge kimetiwa saini kwa saa yake, au kama saini za wiki nzima zimeandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja kwa mkao mmoja. Na ukimkuta amelala kila unapokwenda mchana, uliza kwa upole kama ameongezewa dawa yoyote ya usingizi.

---

Mkaazi wa Ughaibuni amejibu:

Mimi ni mtu wa Mkunazini, lakini kwa miaka tisa nimefanya kazi katika nyumba za wazee Uingereza, na ningependa kuongeza machache juu ya maneno ya mama yangu muuguzi, ambayo sina la kuyapunguza.

Uingereza kuna chombo cha ukaguzi, Care Quality Commission, ambacho huzikagua nyumba hizo kwa maswali matano: je, mzee yuko salama, je, huduma inaleta matokeo, je, wafanyakazi wana huruma, je, wanamsikiliza kila mzee kwa haja yake, na je, uongozi umesimama. Baada ya hapo nyumba hupewa daraja moja kati ya manne, na daraja hilo hubandikwa mahali ambapo kila anayeingia ataliona. Marekani nako, tangu mwaka 2008, nyumba za wazee hupewa nyota kuanzia moja hadi tano. Nayasema haya si kwa kuisifia ughaibuni, kwani nimeshuhudia nyumba yenye daraja zuri mlangoni ambamo kengele ya mgonjwa ililia kwa dakika ishirini na tano bila ya mtu kwenda. Daraja ni picha ya siku ile waliyokuja wakaguzi. Maswali matano yenyewe, hata hivyo, hayana mwenyewe, na unaweza kuyachukua ukaenda nayo Unguja bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Kitu kimoja tulichokuwa tukikijua sisi wafanyakazi, na jamaa wa wagonjwa hawakijui, ni kwamba nyumba nzuri utaitambua kwa wafanyakazi wasiobadilika. Muulize mlezi aliyeko zamu jina la shangazi yako, kisha umuulize anapenda nini, anaogopa nini, na alilalaje jana. Mlezi anayemjua atakujibu mara moja, pengine na kicheko. Asiyemjua atakwenda kutafuta daftari, na ukimkuta mwezi ujao ameshaondoka na nafasi yake ameshika mwingine ambaye naye hajui, basi chai itaendelea kuwekwa kushotoni.

Uliza pia kuhusu usiku. Mchana kila nyumba ina watu. Usiku ni walezi wangapi, kwa wazee wangapi, na wako macho au wamelala? Na uliza kama kuna muuguzi aliyesajiliwa ndani ya nyumba au ni walezi peke yao. Kwa Uingereza hizo ni nyumba za aina mbili tofauti, na ile inayoitwa ya uuguzi ni lazima iwe na muuguzi saa 24. Kuwa na walezi tu si kosa, ila ujue unalipia nini.

---

Mzee wa Kengeja amejibu:

Wanangu, nimewasoma wote, na nakiri kwamba niliposoma kichwa cha habari nilikasirika, kwa sababu sisi tulilelewa kuamini kwamba mzee hutunzwa na damu yake. Hasira ikapungua nilipofika kwenye habari ya mdogo wenu asiyeweza kumwinua. Kumtunza mtu aliyepooza si kumpenda tu, ni kazi ya mgongo. Na wala nyumba za wazee si kitu kigeni kwetu: Unguja wana Sebleni na Welezo, na hapa Pemba tunayo Limbani, huko huko kwenu Wete, ambako serikali hulea wazee wasio na wa kuwatazama. Kwa hiyo binti yangu asibebeshwe aibu isiyo yake.

Langu ni kuhusu mambo ambayo mzani hauyapimi. Je, shangazi yako anajua kibla kiko wapi kutoka kitandani kwake? Je, nyakati za sala zikiingia yupo wa kumletea maji, au udongo safi wa kutayamamu kama maji yanamdhuru, au anaachwa na nguo iliyolowa hadi alasiri inatoka? Nani anamwogesha, mwanamke au yeyote aliyeko zamu? Wanamwita nani? Nimewahi kumtembelea rafiki yangu mahali fulani nikasikia kijana wa miaka ishirini akimwita "wewe babu, fungua mdomo." Chakula kilikuwa kizuri, boko boko yenye nyama, lakini rafiki yangu alikuwa akilia.

Na ulisema ameangalia mlangoni. Hilo mimi ndilo lililonikaa. Mzee aliyewekwa mikononi mwa watu hawezi kuwasema watu hao wakiwa wanasikia, kwa sababu wewe utapanda boti urudi Chake, naye atabaki nao usiku. Basi usimuulize mbele yao. Mtoe nje kwa kiti cha magurudumu, mkae chini ya mti, mzungumze habari za ukoo kwanza, na hayo mengine yatakuja yenyewe. Kaa pia na mzee wa kitanda cha pili, umpelekee tende. Yeye huona kila kitu na hakuna anayemuuliza.

Jambo la pembeni: shangazi yako ameshapita miaka 70, kwa hiyo bila ya shaka anastahiki pensheni jamii, ile iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Jueni nani anaishughulikia, na inamfikia yeye mwenyewe au inaishia njiani.

---

Mlezi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Shikamooni wazee wangu. Naomba niseme kwa upande wa sisi tunaolaumiwa, kwani mimi hufanya kazi hiyo, katika nyumba nyingine nayo nisiyoitaja.

Usiku tuko wawili kwa wazee kumi na mmoja. Kuna usiku nilimwekea bibi mmoja uji wake, nikageuka nimkalishe vizuri, nikasikia kishindo chumba cha tatu. Babu ameanguka akienda chooni peke yake. Niliporudi ilikuwa imepita karibu saa nzima na uji umekuwa jiwe. Asubuhi mwanawe alikuja akaukuta, akanifokea mbele ya watu. Hakukosea kukasirika, lakini hakuuliza.

Ninachoomba kwa jamaa ni kwamba mtuandikie. Mnamleta mtu aliyeishi miaka 78 mnatukabidhi na mfuko wa nguo na karatasi ya hospitali. Hatujui kama chai yake huwa na tangawizi au haina, kama hulala na taa, kama ana masikio mazito upande gani. Dada yangu Bint wa Wete, chukua karatasi kubwa uandike kwa herufi za kusomeka: upande wake mzima ni wa KULIA, kila kitu kiwekwe kulia, khanga zake hufungwa hivi na hivi. Ibandike juu ya kitanda. Karatasi kama hiyo itamfaa hata mlezi aliyeanza kazi leo. Kisha, ukija ukakuta haifuatwi, hapo utakuwa na haki ya kusema, na msimamizi hatakuwa na pa kujificha.

Na nyumba ikikuambia kwamba jamaa wana saa maalumu za kuingia na nje ya saa hizo hawaruhusiwi kabisa, jihadhari nayo. Kupumzisha wazee mchana ni haki, lakini kufunga mlango ni jambo jingine.

---

Bint wa Wete ameandika tena, baada ya siku kumi na mbili:

Nawashukuru nyote, na wewe mzee wangu wa Kengeja zaidi, kwani usiku ule nililala.

Nilichukua ruhusa ya siku mbili kazini nikaenda Jumanne bila ya kutoa taarifa, nikafika saa moja na nusu asubuhi. Hapakuwa na udi. Palikuwa na harufu ya mkojo uliokwisha kuingia ndani ya magodoro, na mlezi mmoja akihangaika na wazee wanne waliotaka chai kwa wakati mmoja. Nilimuuliza jina la shangazi akalitaja, na akaniambia kwamba anapenda kusikilizishwa taarabu za zamani kwenye simu, jambo ambalo ni kweli. Kuhusu upande wa kushoto hakuwahi kuambiwa, na nilipomweleza alishika kichwa. Namwamini. Msimamizi ndiye aliyekuwa na karatasi ya hospitali, ameifungia kabatini.

Nilimwogesha. Kifanduguni ni salama, lakini kisigino cha kushoto kina doa jeusi la ukubwa wa sarafu, lina joto, na akiguswa anakunja uso. Tulimpima kwa mzani niliokwenda nao akawa na kilo 46. Karatasi ya hospitali ya siku aliyohamia inasema kilo 49 na nusu. Akimeza maji hukohoa kidogo, uji haumkohozi. Daftari la dawa lilikuwa na mapengo ya siku tatu, nalo kwa namna fulani limenipa imani, kwa sababu angalau hawakuyajaza kwa uongo.

Chini ya mti aliniambia kwamba mchana hana malalamiko, lakini usiku akiita haji mtu hadi alfajiri, na kwamba ameacha kunywa chai ya jioni makusudi ili asihitaji kwenda chooni. Msimamizi amekubali mbele ya mdogo wangu kuongeza mtu wa pili usiku kuanzia mwezi ujao. Karatasi nimeibandika. Je, nimhamishe, au niwape muda? Na kisigino nikifanyie nini?

---

Muuguzi Mstaafu amejibu:

Mwanangu, umefanya kazi ya mkaguzi. Tuanze na kisigino kwa sababu hakingojei mwezi ujao. Asilale kisigino kikiwa kimegusa godoro: mto uwekwe chini ya muundi wote, kuanzia chini ya goti hadi juu kidogo ya kifundo, kisigino kibaki hewani. Msikiwekee kata ya nguo kama ile ya kubebea ndoo, kwani huzidi kubana damu. Na najua mdogo wako atataka kukisugua kwa mafuta ya nazi. Mwambie asisugue, kwa sababu nyama iliyoanza kuumia chini ya ngozi huumia zaidi ikisuguliwa. Muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu akione wiki hii, na habari ya kukohoa akinywa maji mumweleze daktari siku hiyo hiyo.

Kilo tatu na nusu kutoka 49 na nusu ni kama asilimia 7 kwa miezi mitatu, na sisi huanza kushughulika ikikaribia saba na nusu. Sababu yake mmeshaijua kwa nusu: anajinyima kinywaji kwa kuogopa usiku, na kilichowekwa kushotoni hakikumfikia. Mtu anayejinyima maji huvimbiwa tumbo, hupata maradhi ya njia ya mkojo, kisha huanza kuweweseka, na hapo watu huanza kusema uzee umemwingia kichwani.

Kuhusu kumhamisha, mimi singemhamisha leo. Nyumba ambayo mlezi wake anajua taarabu za mgonjwa na daftari lake halidanganyi inaweza kurekebishika, na kumhamisha mzee mwenye kiharusi kuna madhara yake. Lakini suala la usiku lisibaki kuwa ahadi ya mdomo. Mdogo wako alale hapo usiku mmoja, wiki hii, kwenye mkeka pembeni ya kitanda, ahesabu ni mara ngapi mtu amekuja. Mwezi ujao mtu wa pili akiwa hayupo, tafuteni pengine. Na mpimeni tena baada ya wiki mbili, kwa mzani ule ule, asubuhi kabla ya chai, akiwa amevaa khanga ile ile.